Waya wa Ardhi Hutangulia



Tumeombwa kunena machache juu ya kusimamisha mitambo mizito ya mtandao maofisini. Sisi makarani ndio tukaao karibu na makabati hayo ya chuma, na ndio tutiao sahihi kwamba kazi imekwisha.

Kwanza, kabati na lifungwe imara sakafuni likiwa tupu. Betri na kila kilicho kizito kikae chini, vyepesi juu. Kabati lenye kichwa kizito huweza kuanguka mtambo mmoja tu ukivutwa mbele. Mtambo mzito usiinuliwe na mtu mmoja.

Pili, waya wa ardhi, wenye rangi ya kijani na manjano, hufungwa kabla ya waya wa umeme, na siku ya kuondoa mtambo hufunguliwa mwisho. Mahali pa kuufunga pakwanguliwe rangi mpaka chuma kionekane, kwa kuwa rangi huzuia umeme. Tena uunganishwe na ardhi ile ile ya nyumba. Ukichimbiwa fimbo ya peke yake, radi ipigapo karibu umeme huweza kupita kati ya ardhi hizo mbili na kuiunguza mitambo.

Ndugu, mtambo huweza kufanya kazi hata bila waya huo. Ndiyo sababu husahauliwa. Lakini siku umeme uvujapo kwenye chuma cha kabati, mwili wa mtu aligusaye ndio utakaokuwa waya wa ardhi. Basi kabla ya kutia sahihi, tuutafute kwa macho yetu wenyewe.