Kabla ya kukaza nati ya presha
(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Shika Adabu, Likoni)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine za maji za visima vyetu. Mimi si fundi wa stima, ni mfanyakazi wa jamii. Lakini katika kazi hii ya vikundi nimeamua kesi nyingi za maji ambazo mwanzo wake ni nati ndogo tu, ile iliyo ndani ya kiboksi cha swichi ya presha. Maji yanatoka kidogo, mtu anachukua spana, anakaza. Siku mbili tatu maji yanakuja kwa nguvu na watu wanamsifu. Halafu mashine inaungua, mchango unaanza upya, na kila mtu anamtazama mwenzake kwa jicho baya.

Sasa, ile swichi ina namba mbili: ya kuwasha na ya kuzima. Mashine nyingi ndogo za nyumbani hutoka dukani zikiwa zimewekwa ziwake presha ikishuka hadi bar 1.4 na zizime ikifika 2.8. Fundi mwingine atakuambia 20 na 40. Ni kitu kile kile kwa kipimo cha Kiingereza. Bar moja inapandisha maji kiasi cha mita 10. Hiyo ndiyo hesabu nataka mwende nayo nyumbani.

Tazameni kibati kilichobandikwa kwenye mashine. Kuna mahali pameandikwa H max na namba ya mita. Tuseme ni 30. Maana yake mashine hiyo, ikijitahidi mwisho wa nguvu zake, inapandisha maji mita 30, basi. Maji ya kisima yako mita 6 chini yake. Toa 6, zimebaki 24, yaani bar 2.4. Je, hiyo swichi inayongoja 2.8 ili izime, itazima lini? Haizimi! Mifereji yote imefungwa, watu wamelala, mashine inazunguka tu. Maji yaliyo ndani yake yanapata moto, raba inayozuia maji yasiingie kwenye mota inaharibika, na tokeni zinakwisha. Hapo dawa ni kupunguza: iwake kwenye 1.0, izime kwenye 2.0. Acheni nafasi, kwa sababu jioni stima ikiwa hafifu hata nguvu ya mashine hupungua.

Mbona basi maji yalikuwa mazuri mwaka jana na sasa ni kidogo? Mara nyingi nati haina hatia. Angalieni kichungi na ile valvu iliyo chini kisimani, mchanga hujaa huko. Halafu lile tangi dogo la presha. Ndani yake kuna mpira wa maji, na nje ya mpira kuna hewa. Ukiona mashine inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache mtu akijaza kikombe tu, hewa imekwisha. Bonyeza ile valvu inayofanana na ya gurudumu: yakitoka maji, mpira umepasuka, nunueni mwingine. Ikitoka hewa hafifu, zimeni mashine, fungulieni mfereji mpaka maji yaishe kwenye tangi, kisha jazeni kwa pampu ya baiskeli. Hewa iwe chini kidogo ya namba ya kuwasha. Kama inawaka kwenye 1.4, hewa iwe kama 1.25. Ukipima tangi likiwa na maji, geji itakudanganya.

Ikibidi kugusa nati, zimeni stima kwenye meni swichi kwanza. Si kwenye plagi iliyolegea, si kwa mti mkavu. Ndani ya kiboksi kuna vyuma vilivyo wazi na vyenye stima. Kwa swichi nyingi nati kubwa hupandisha au kushusha namba zote mbili pamoja, na ile ndogo hubadilisha ya kuzima peke yake, lakini someni maandishi ya kifuniko kwa sababu si zote zinafanana. Zungusha kidogo, rudisha kifuniko, washa, tazama geji. Mkibadilisha namba ya kuwasha, rekebisheni na hewa ya tangi.

Wengine watasema tununue mashine kubwa, yaishe. Hapo ndipo naogopa zaidi. Sisi tuko pwani, maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Wataalamu wanahesabu kwamba kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba kama futi 40 chini ya usawa huo. Ukivuta bila kupumzika maji yakashuka futi moja, chumvi inapata nafasi ya kupanda futi nyingi sana. Kisima kikishaingia chumvi hakiponi kwa wiki moja, na jirani yako naye ameumia.

Na tuulizane, hiyo presha ni ya nani? Mwenye bafu la juu ghorofani ataitaka. Mama mwenye mtungi wa lita 20 haihitaji. Yeye tangi lililoinuliwa mita 3 linamtosha kabisa. Lakini mashine ikiungua wanachanga sawasawa. Mambo haya yaamuliwe kwenye kamati, si na mwenye spana.

Miaka ya 1980 jirani zetu wa Kwale walifanyiwa majaribio ya pampu za mkono, pamoja na ile ya Afridev inayofunguliwa kwa spana moja, na shirika la KWAHO likafundisha kina mama wa vijijini kuzitunza. Kwa hiyo msiniambie kazi hii ni ya vijana peke yao. Kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mama, na ufunguo wa kiboksi ukae kwao.

Tutakapokutana tena, hao wawili waje wameandika mambo matatu: namba ya H max, kina cha maji kisimani kilichopimwa kwa kamba wakati wa kiangazi, na namba za geji mashine inapowaka na inapozima. Tutapiga hesabu hapa hapa, kisima kimoja kimoja.