Magonjwa ya Macho na Tiba Zake: Maongezi kwa Wakaaji wa Olkaria



Hapa Olkaria mvuke utokao chini ya ardhi umezungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981. Lakini taa yamfaa nini mtu asiyeona? Yafaa basi ijulikane ya kuwa upofu mwingi waweza kuzuiwa au kuponywa, na ya kuwa magonjwa mengi yana tiba yake.

Wa kwanza ni vikope, uliowasumbua kwa miaka mingi wafugaji wa Narok, jirani zenu. Vijidudu vyake huchukuliwa na nzi, vidole na nguo za kupangusia uso. Mtoto huanza kwa macho mekundu yenye tongo. Akiambukizwa mara nyingi, kope hufanya makovu na kujikunja ndani, nywele zake zikakwaruza kioo cha jicho. Kuzing'oa hakutoshi, maana huota tena. Dawa ya hospitali huua vijidudu, na kope iliyojikunja hunyoshwa kwa upasuaji mdogo. Kinga yake ni kuwanawisha watoto uso kila siku, ambako kopo moja la maji latosha, na kuchimba vyoo ili nzi wapungue.

Wa pili ni mtoto wa jicho, awapataye hasa wazee. Lenzi iliyo ndani ya jicho hufifia kama kioo kilichoshika moshi. Hakuna dawa ya matone iwezayo kuisafisha. Daktari huitoa na kutia nyingine iliyotengenezwa, kazi aliyoianza Harold Ridley huko London mwaka 1949.

Tena kuna macho yasiyo na ugonjwa. Mtu aliyepita miaka 40 aweza kuwaona mbuzi mlimani, wala asiweze kutunga uzi katika sindano. Huyo ahitaji miwani tu. Vivyo hivyo mwanafunzi asiyeona ubao asidhaniwe mjinga. Apimwe macho kwanza.

Jambo moja ni la hatari: kutia jichoni maziwa au maji ya majani. Vitu hivyo huweza kuharibu kioo cha jicho kisitengenezeke tena.

Mzee kipofu akiongozwa kwa fimbo, mtoto amwongozaye hukosa shule. Basi mpelekeni mzee huyo kwa mganga wa macho mapema. Akitibiwa, watu wawili watakuwa wamefunguliwa.