Jengo Likianguka, Uliza Nani Alitia Saini

Haya ndiyo niliyosema kwenye mjadala wetu wa jana usiku. Nimeyaandika kwa wale waliokosa.

Kila jengo likiporomoka, wanasiasa huanza kusukumiana lawama. Wa kitaifa anasema hiyo ni kazi ya kaunti. Wa kaunti anasema waulizwe Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na ndiyo maana wanatuchanganya kirahisi hivi.

Kenya hatuna mtu mmoja wa kuthibitisha jengo kuanzia msingi hadi paa. Kaunti inapitisha ramani, na mwishoni inatoa cheti kinachoruhusu watu kuhamia. NCA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, inasajili makontrakta na miradi yao. Lakini katikati kuna miezi ya vyuma na zege, na anayepaswa kusimamia hapo kila mara ni mhandisi au msanifu wa majengo anayelipwa na mwenye ploti. Yaani anayekagua analishwa na anayekaguliwa. Hiyo ndiyo siasa yenyewe, lakini kwa mikutano hamtaisikia.

Mnakumbuka Huruma, Aprili 2016? Watu wapatao 50 walikufa. Jengo lilikuwa karibu na mto, na ikaelezwa kwamba lilikuwa tayari limewekwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwepo, na bado kodi ilikuwa inalipwa kila mwezi. Kwa hivyo mtu akikuambia shida yetu ni kukosa sheria, mwambie asome tena.

Sasa, kama wewe au wazazi wako mnajenga, huyo mtaalamu mtafuteni nyinyi. Msikubali yule kontrakta amekuja naye, maana atamlinda rafiki yake. Mhandisi, tafuta jina lake kwenye orodha ya Bodi ya Wahandisi, EBK, na uangalie leseni ni ya mwaka huu. Msanifu, orodha yake iko BORAQS. Halafu kuna mchezo wa kukodisha mhuri: mtu anagonga ramani, analipwa, na ploti yenyewe hajawahi kuikanyaga. Ndiyo maana swali la kwanza si bei. Muulize atakuja site lini.

Jibu unalotaka ni kwamba atakuja kabla ya msingi kumwagwa, na kabla ya kila slabu. Zege ikishafunika vyuma, huwezi kuona tena kwa macho kama vilikuwa vyembamba au vichache. Mwandikiane, na malipo yafuate hizo ziara. Pia adai matofali madogo ya majaribio ya zege yapelekwe maabara yakavunjwe, ya siku 7 na ya siku 28. Fundi atakwambia hiyo ni kupoteza pesa. Fundi hatalala hapo.

Na sisi wapangaji? Uliza cheti cha kaunti kabla ya kulipa deposit. Ndiyo, landlord atakuona msumbufu, na wengine watampa nyumba mtu asiyeuliza. Hilo silikatai.

Lakini mgombea akija mtaani kwenu kulia na waliofiwa, kuna maswali mawili tu. Kaunti ina wakaguzi wangapi wa majengo? Na pesa za kuwafikisha site ziko ukurasa gani wa bajeti?