Kipindupindu na Sufuria ya Sherehe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia, Kitisuru)

Tumeombwa tuongee juu ya viini vya magonjwa. Viini ni vingi, tukianza kuvitaja vyote tutalala hapa. Basi leo tushike kimoja tu, kile cha kipindupindu, kwa sababu vikundi vingi vyetu vinapata pesa kwa kupika kwenye harusi na matanga, na hapo ndipo kinapopenda kupita.

Oktoba 2022 kulikuwa na harusi huko Limuru, si mbali na sisi. Baada ya sherehe watu wakaanza kuhara na kutapika. Serikali ilipotangaza ugonjwa mwezi huo huo, tayari ulikuwa umefika kaunti kadhaa, Nairobi ikiwemo. Kabla ya 2023 kwisha, wagonjwa nchini walikuwa wamepita 12,000, na karibu watu 200 walikuwa wamefariki. Hatusemi wote waliupata kwa harusi ile. Lakini sherehe hukusanya watu wa mbali, wakala pamoja, kisha kila mmoja akapanda matatu kurudi kwao. Na msidhani ni mambo ya mabandani peke yake. Mwaka 2017 wajumbe wa mkutano katika hoteli moja kubwa ya Nairobi walilazwa kwa kipindupindu. Kiini hakiulizi ruhusa kwa askari wa geti.

Sasa kinatembeaje? Kinatoka katika kinyesi cha mtu kikaingia mdomoni mwa mwingine, kwa maji, kwa chakula au kwa mkono. Tuseme bila haya, maana haya ndizo zinazotumaliza. Na jambo gumu ni hili: wengi walio nacho hawaumwi hata kidogo, lakini wanakitoa chooni kwa siku kadhaa. Mpishi anaweza kuwa mzima kabisa, anaimba jikoni, kumbe mkono wake unacho.

Hebu tuingie jikoni. Githeri inayochemka haina neno, moto unaua. Angalieni kachumbari, juisi, maji ya kunywa, na wali uliopikwa usiku ukaachwa hadi saa saba mchana. Chakula vuguvugu ni shamba la viini. Pikeni karibu na saa ya kula, na kilicholala kipashwe moto hadi katikati. Maji ya mkokoteni hatujui yalitekwa wapi, kwa hivyo yachemshwe yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kama pakiti inavyoeleza, na kungoja nusu saa. Mitungi yenyewe ioshwe. Halafu ile karai moja ya kunawia wageni arobaini, tafadhali, iondoke. Mtu mmoja ashike jagi amwage maji, mwingine ashike sabuni. Wapishi wanawe kila watokapo chooni na kabla ya kukata mboga.

Mtu akianza kuhara maji maji kama ya kuoshea mchele, msingoje asubuhi. Anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa na maji mwilini. Akipata matibabu mapema, karibu kila mgonjwa anapona. Mpeni maji ya chumvi ya pakiti huku mkimpeleka hospitali. Kama pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Limebaki neno moja, na hili ni la kamati. Tunajua mama anayehara siku ya kazi hunyamaza, kwani asipopika hapati sehemu yake na karo inamngoja. Cheti cha afya hakitamzuia, kile kinasema hali ya siku ile aliyopimwa tu. Kwa hivyo kikundi kiandike katika kanuni zake: anayehara hapiki wala hapakui, akae mpaka siku mbili zipite baada ya kupona, na ikiwa ni kipindupindu mpaka afisa wa afya aseme. Lakini sehemu yake alipwe. Hesabu ya wapishi wanane mkimlipa mmoja aliyebaki nyumbani haiangushi kikundi. Mweka hazina alete pendekezo hilo kwenye mkutano ujao, kabla ya harusi za Desemba.