Ardhi, Baraza na Ujirani Katika Wilaya ya Kilosa
(Maneno yaliyosemwa katika Sherehe ya Jubilei ya Miaka 100)



Nimeombwa kusema machache juu ya uongozi na umoja wa watu wa makabila mengi. Sina haja ya kwenda mbali. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda walikuwapo hapa kabla ya Reli ya Kati. Reli na mashamba ya mkonge yakaleta vibarua wa kila kabila hadi Kimamba na Rudewa. Waparakuyo wakafika na ng'ombe wao, na kule Mikumi barabara kuu ya Iringa imekusanya watu wa kila pembe. Watu hao wameoana na kuzikana. Asemaye kwamba makabila hayawezi kukaa pamoja hajaishi Kilosa.

Kwa nini basi, tarehe 8 Desemba 2000, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni? Wengi walijibu kwa neno moja: ukabila. Mimi siafiki. Ni kweli kwamba nafasi ya malisho ilipungua. Mashamba makubwa yalikwisha kuchukua sehemu, na mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Mikumi. Wakati wa kiangazi ng'ombe hufuata mto, na kando ya mto ndiko kwenye mashamba. Lakini ugomvi wa namna hiyo ni wa zamani, na fidia iliweza kuumaliza. Kilichovunjika, kwa maoni yangu, ni imani ya watu kwa wasuluhishi. Mkulima ambaye mahindi yake yameliwa alipeleka shauri, akarudi akiamini kwamba mwenye fedha amekwisha kusikilizwa kabla yake. Mfugaji naye, akitozwa leo na kesho, aliona kwamba anakamuliwa kuliko ng'ombe wake.

Mwaka 2008 mapigano yalizuka tena, na mwaka 2009 ikafuata operesheni ya kuondoa mifugo. Mifugo iliondolewa, lakini ugomvi wa mipaka, kama ule wa Mabwegere na majirani zake, ulibaki.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya matumizi ya pamoja ya ardhi. Tena imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Wajumbe hupendekezwa na Halmashauri ya Kijiji na kuidhinishwa na Mkutano Mkuu. Wanawake wamewekewa nafasi zao. Mfugaji katika kijiji cha wakulima, au mkulima katika kijiji cha wafugaji, hupata kiti kwa ridhaa ya majirani zake tu.

Na majirani hao hawakutani. Mkutano ukiitishwa katikati ya kiangazi, vijana wa Kiparakuyo wako mbali na mifugo. Ukiitishwa wakati wa palizi, mkulima yuko shambani. Hata tarehe ya mkutano, ndugu zangu, ni jambo la utawala. Nawaomba viongozi wa vijiji mlio hapa leo mketi na malaigwanani na wazee wa wakulima, mchague siku ambayo wote wapo, na shauri la kwanza siku hiyo liwe njia ya ng'ombe kwenda mtoni, kabla mto haujakauka.