Fundi Aliyerudi Darasani

Somo: Kutoka 35:30-35

 

Katika sura hii ya 35, Musa anawatangazia wana wa Israeli jina la fundi atakayesimamia kazi ya hema ya kukutania. Fundi huyo ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda. Twaambiwa kwamba Mungu alimjaza roho yake, akampa akili na ujuzi wa kazi ya dhahabu, fedha na shaba, wa kukata vito na kuchonga miti. Wengi wetu husoma mpaka hapo tukafunga kitabu. Lakini mstari wa 34 unaongeza jambo moja. Mungu alitia moyoni mwake, yeye na mwenzake Oholiabu, uwezo wa kufundisha wengine.

Angalieni sana, ndugu. Ujuzi wa kazi ni kipawa kimoja. Kufundisha ni kipawa kingine, nacho kimetajwa peke yake. Mtu aweza kuwa na kile cha kwanza miaka mingi, na siku anapohitaji cha pili akakuta hana.

Jambo hili tulifundishwa na mzee mmoja wa ushirika wetu. Ametupa ruhusa tuwasimulie habari zake, mradi tusitaje jina lake.

Mzee huyu ni seremala. Alianza chini ya mti kando ya soko, akiwa na msumeno mmoja, randa moja na nyundo ya kuazima. Kwa miaka thelathini aliijenga biashara yake mpaka akawa na karakana ya mabati, mashine ya kupasua mbao na vijana wanane wa kazi. Alipita mtihani wa ufundi wa serikali hadi gredi ya kwanza. Milango ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake. Alijua kununua mbao bila kudanganywa, kumtuliza mteja mwenye hasira, na kulipa mishahara hata katika mwezi ambao hakuna kilichouzwa.

Alipofika miaka hamsini na minane alimwachia mwanawe karakana. Ndipo kamati ya chuo cha ufundi kilicho karibu nasi ikamwomba aje kufundisha useremala. Wasikilizaji wenye umri watakumbuka jinsi vyuo hivi vilivyoanza. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wanaomaliza shule ya msingi bila nafasi ya kuendelea wataelekea wapi, na katika swali hilo zikazaliwa politekniki za vijiji. Leo vyuo hivyo viko chini ya serikali za kaunti, lakini swali bado ni lile lile.

Mzee alikubali kwa furaha. Alituambia, "Mchungaji, kazi hii nitaifanya hata nikiwa nimefumba macho."

Siku ya kwanza alisimama mbele ya vijana ishirini na wawili. Alipiga ubao randa, akatoboa tundu katika mbao moja, akachonga ulimi katika mbao ya pili, akavikutanisha, na kiungo kikakaa imara bila gundi wala msumari. Kisha akasema, "Mmeona? Haya, fanyeni." Hakuna aliyeweza. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, umejuaje kwamba ubao huo hupigwa randa kutoka upande huu, si ule?" Mzee akafungua kinywa, akakosa neno. Mkono wake ulijua nyuzi za mbao zinaelekea wapi, lakini kinywa chake hakikujua kueleza. Kwa aibu akamkaripia yule kijana, kana kwamba kuuliza ni kukosa adabu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena.

Kisha alikuwa na desturi aliyotoka nayo kazini. Katika karakana ubao ukiharibika ni hasara, na mteja anangojea mlango wake Jumamosi. Kwa hiyo mwenye karakana akiona kijana anakosea, humpokonya kifaa akamaliza mwenyewe. Mzee alifanya hivyo miaka thelathini na biashara ikasitawi. Akafanya hivyo darasani pia.

Mwisho wa muhula wazazi walialikwa kuona kazi za watoto wao. Viti ishirini na viwili vilipangwa vizuri, vinang'aa kwa vanishi, na wazazi wakapiga makofi. Mama mmoja mjane, aliyeuza mbuzi wawili ili alipe karo, akamwambia mwanawe, "Nionyeshe chako." Kijana akainamisha kichwa. "Mama, hapa hakuna changu. Vyote ni vya mwalimu." Mzee alikuwa amesimama karibu, akasikia. Muhula wa pili ulipofunguliwa, kijana yule hakurudi.

Jioni moja Mzee alikuja nyumbani kwetu, akakaa muda mrefu bila kugusa chai. Mwishowe akasema, "Mchungaji, nimefanya biashara miaka thelathini, na sijala pesa ya mtu. Lakini mama yule nimekula mbuzi wake." Alitaka kuiacha kazi.

Wapenzi, hatukuwa na jibu la haraka, maana kosa lake lilikuwa kosa letu. Tulipotoka chuo cha theolojia tulipanda mimbarani tukieleza maana za maneno ya Kiyunani, na tulijiona tumehubiri. Siku moja mama mzee alitushika mkono pale mlangoni akasema, "Mwanangu, umesoma sana. Sasa sisi kesho tufanye nini?" Hatukuwa tumelifikiria.

Basi tukafungua pamoja Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo alikuwa mtu wa Aleksandria, mwenye ufasaha na hodari katika Maandiko. Lakini palikuwa na jambo ambalo hakulijua sawasawa. Prisila na Akila, watu waliopata riziki yao kwa kushona mahema, walimchukua kwao wakamweleza. Naye msomi yule hakukataa kufundishwa na washonaji. Tukamwuliza Mzee, "Je, pale chuoni yuko nani wa kukuchukua kando?"

Alinyamaza. Alikuwapo mtu. Mwalimu wa ushonaji, binti wa miaka ishirini na saba, mdogo kuliko kitindamimba wake, alikuwa amesomea ualimu. Mzee alizoea kumwita "mtoto". Kesho yake alimwendea, akamwambia, "Mwalimu, nakuomba uje ukae nyuma ya darasa langu, kisha uniambie ninakosea wapi."

Binti alikaa siku tatu. Kisha akasema kwa heshima: "Baba, igawanye kazi vipande vidogo, na kila kipande ukipe jina. Baba, mtu akiuliza, mshukuru, maana amekuonyesha mahali ambapo hawajaona. Na ukimwona anakosea, Baba, weka mikono yako nyuma."

Hilo la tatu ndilo lililomshinda zaidi. Anasema mikono ilimwasha! Lakini alijifunza. Aliomba mabaki ya mbao katika karakana ya mwanawe, ili vijana wapate za kuharibu bila hasara. Mtu akiharibu, alimwuliza, "Wewe umeona nini hapo?" Kisha akangoja jibu. Hata ujuzi wake wa biashara haukupotea, maana aliwafundisha kupiga hesabu ya mbao na gundi kabla ya kumtajia mteja bei.

Halafu Mzee akafunga safari mpaka kwa yule mjane. Mwajua, wasikilizaji, jinsi ilivyo vigumu kwetu mtu wa mvi kumwomba mtoto msamaha. Alimwomba mama, kisha akamgeukia kijana akamwomba naye. Kijana akarudi chuoni.

Muhula ule kijana alitengeneza kigoda. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, kikawa kinayumba. Mzee akaweka mikono nyuma. Kijana akapima, akapunguza miguu mingine, akapunguza mmoja kupita kiasi, akapima tena, akapunguza tena, mpaka kigoda kikabaki cha chini sana. Lakini hakiyumbi. Mama yake hukikalia jikoni kila jioni, na akipata mgeni humwambia, "Hiki ni cha mwanangu."

Wapenzi, Bwana wetu naye alikuwa seremala; twasoma hivyo katika Marko 6:3. Alipokuwa na umri wa miaka kama thelathini akaanza kazi yake ya kufundisha. Kila kitu angeweza kukifanya mwenyewe, tena vizuri kuliko mwingine yeyote. Lakini katika sura hiyo hiyo aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, wakati ambapo mengi walikuwa bado hawajaelewa. Na katika sura ya 9 waliletewa kijana mgonjwa wakashindwa mbele ya watu wote. Bwana alimponya kijana yule, kisha walipoingia nyumbani wakamwuliza kwa nini wao walishindwa. Hakuwafukuza. Aliwajibu.

Mzazi unayetusikiliza, ni kazi gani nyumbani umemnyima mtoto kwa kuwa wewe waifanya upesi zaidi? Mwenye duka, je, kijana wako wa kazi ajua kuhesabu faida, au ajua kufagia tu? Nasi wachungaji na wazee wa kanisa, kuna vijana ambao wametutazama miaka kumi kutoka viti vya nyuma. Tutawaachia lini washike randa, nasi tuweke mikono nyuma?

Na wewe uliyeanza kazi mpya ukiwa mtu mzima, ukaona haya kwa kuwa ulidhani wajua, usiiache. Mtafute aliye mdogo kwako, umwulize. Yeye aliyemtia Bezaleli moyo wa kufundisha aweza kukutia nawe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetuvumilia tulipokuwa wazito wa kuelewa, utusamehe kwa wale tuliowapokonya kazi mikononi mwao. Utupe unyenyekevu wa kujifunza tena, na subira ya kungoja wengine wajifunze. Kwa jina lako twaomba. Amina.