Safari ya Mswada: Kutoka Daftari la Nyumbani hadi Meza ya Mhariri

Mazungumzo kwa waandishi chipukizi wa riwaya wa Kibera na Kawangware



Riwaya ya kwanza katika mitaa hii mara nyingi huandikwa usiku, baada ya kibarua, kwenye daftari la shule au kwenye simu. Huchukua mwaka mmoja, miwili, hata mitano. Siku neno la mwisho linapoandikwa, mwandishi hubaki na swali ambalo jirani zake hawawezi kumjibu: ipelekwe wapi? Kwa kukosa jibu, wengine huifungia sandukuni. Wengine humpa nakala ya pekee mtu aliyeahidi kuwaonyesha "watu anaowajua". Wengine hulipa akiba yao yote kwa anayejiita mchapishaji, kisha wakaletewa maboksi ya vitabu vilivyojaa makosa, visivyokubaliwa na duka lolote.

Jambo kuu la mazungumzo haya ni moja. Mswada ni mali ya aliyeuandika, na mwenye mali huiuza kwa utaratibu. Haombi hisani, na halipi ili bidhaa yake itazamwe.

Wala maisha ya mitaa hii si mambo madogo yasiyofaa kitabu. Mwaka 1973 Meja Mwangi alichapisha riwaya ya Kill Me Quick, inayosimulia vijana wawili waliokuja Nairobi na vyeti vyao vya shule wakakosa kazi. Mwaka uliofuata kitabu hicho kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi. Vijana wa aina hiyo bado wapo Gatina na Laini Saba, na yanayowapata leo yanamsubiri mwandishi wake.

Nakala kwanza

Kila mkazi anajua jinsi moto unavyokula nyumba za mabati kabla ya maji kufika. Mafuriko nayo hayabishi hodi. Kwa hivyo hatua ya kwanza, hata kabla ya kumfikiria mchapishaji, ni kuhakikisha kwamba mswada hauko mahali pamoja tu.

Ngugi wa Thiong'o alipokuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini kwenye karatasi za chooni. Askari wa jela waliichukua katika msako, na kwa bahati ikarudishwa. Ilichapishwa mwaka 1980. Si kila anayepoteza nakala ya pekee hupata bahati hiyo.

Aliyeandika kwenye daftari na aichape kidogo kidogo, kwenye simu au saiba, kisha ajitumie faili kwa baruapepe yake mwenyewe kila anapomaliza sura. Nakala nyingine iwekwe kwenye flashi na kukabidhiwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Anayetumia kompyuta ya saiba akumbuke kufuta faili na kutoka kwenye baruapepe kabla ya kuinuka kitini.

Kumaliza si kuandika neno la mwisho

Wahariri hupokea miswada mingi ambayo haijasomwa tena hata na wenyewe. Mwandishi mwenye busara huuweka kando mswada wake kwa wiki tatu au nne, kisha huusoma kwa sauti tangu mwanzo. Sentensi inayomkwaza yeye itamkwaza na msomaji. Baadaye huwapa watu wawili wenye kupenda vitabu, wasio wepesi wa kusifu, na kuwauliza swali moja: mlichoka ukurasa gani?

Kuhusu lugha, Sheng ina nafasi yake. Makanga wa Kawangware 46 akizungumza Kiswahili cha darasani, msomaji hatamwamini. Lakini mchapishaji anayelenga shule hutaka masimulizi yawe ya Kiswahili sanifu, na Sheng ibaki katika vinywa vya wahusika. Ni vizuri mwandishi aamue mapema anamwandikia nani.

Kujua mlango wa kubisha

Neno "kuchapisha" limewaponza wengi, kwa sababu limebeba kazi mbili. Mpiga chapa ni mwenye mashine: hulipwa, hutoa nakala, na kazi yake imekwisha. Mchapishaji huuchagua mswada, huuhariri, husanifu jalada, hugharamia uchapaji, huuza kitabu, kisha humlipa mwandishi sehemu ya mapato. Anayemtoza mwandishi pesa ili mswada "usomwe" au "upitishwe" hafanyi kazi ya mchapishaji, hata kama kadi yake inasema hivyo.

Nairobi ina bahati ya kuwa na wachapishaji wengi. Kuna East African Educational Publishers, Longhorn, Oxford University Press, Moran, Spotlight na Storymoja. Kuna pia mashirika ya umma kama Kenya Literature Bureau na Jomo Kenyatta Foundation. Lakini mwandishi aelewe wanavyoishi. Sehemu kubwa ya biashara yao ni vitabu vya shule, na riwaya za watu wazima wanazotoa kwa mwaka ni chache. Mswada unapokataliwa, mara nyingi sababu ni hesabu ya soko wala si ubovu wa hadithi.

Njia bora ya kuchagua ni kuingia maktabani. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara ni za wakazi wa kaunti hii. Kibera nako kuna tawi la Huduma ya Maktaba ya Taifa, KNLS. Mwandishi atafute riwaya tano zinazofanana na yake, afungue kurasa za mwanzo, na aandike jina la mchapishaji na mwaka. Anayechapisha vitabu vya hisabati pekee hatanunua hadithi ya mapenzi. Baada ya hapo apige simu au atembelee tovuti ya kampuni kuuliza kama wanapokea riwaya kwa sasa, na kwa njia gani.

Kilichomo ndani ya bahasha

Kila kampuni ina masharti yake, na masharti hayo hufuatwa jinsi yalivyo. Pasipo masharti maalumu, vitu vinne vinatosha.

Kwanza ni barua ya ukurasa mmoja. Itaje jina la riwaya, idadi ya maneno, lugha, msomaji anayelengwa, na hadithi yenyewe kwa sentensi tatu au nne. Barua isiombe huruma. Kwamba mwandishi hana kazi au aliandika kwa mshumaa si sababu ya mhariri kuuchukua mswada. Kwamba ameishi Gatwekera miaka ishirini na riwaya yake inahusu mafundi wa Gatwekera, hiyo ni sababu.

Pili ni muhtasari wa kurasa mbili hivi, unaosimulia hadithi yote pamoja na mwisho wake. Wengi huficha mwisho ili mhariri apate hamu. Mhariri hatafuti hamu hapo. Anataka kujua kama mwandishi ameweza kufika mwisho.

Tatu ni sura tatu za kwanza, zikifuatana. Mwandishi asichague sura anazozipenda kutoka katikati, kwani msomaji dukani ataanzia ukurasa wa kwanza.

Nne ni maelezo mafupi ya mwandishi pamoja na simu na baruapepe inayofanya kazi. Nambari ya simu ikibadilika, kampuni ijulishwe.

Mswada uchapwe kwa herufi za kawaida za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, na nambari kwenye kila ukurasa. Mapambo, rangi na picha za jalada za kujichorea haviongezi kitu. Nakala ya pekee isipelekwe kamwe, na anayepeleka mkononi aombe sahihi ya aliyeipokea, pamoja na tarehe.

Kungoja na kukataliwa

Jibu huchukua miezi. Kampuni nyingi huwapa wasomaji wa nje mswada ili watoe ripoti, na wasomaji hao wana kazi nyingine. Baada ya miezi mitatu, ujumbe mfupi wa heshima wa kukumbusha haumkeri mtu. Kupiga simu kila wiki humkera. Daftari dogo lenye jina la kampuni, tarehe ya kupeleka na jibu lililotolewa huzuia kuchanganyikiwa. Wakati wa kungoja ndio wa kuanza riwaya ya pili.

Kukataliwa kumewapata wakubwa. Grace Ogot alipoonyesha hadithi zake za mwanzo, kuna walioshangaa kwamba mwanamke Mkristo anaandika habari za kafara. Mwaka 1966 riwaya yake, The Promised Land, ilitoka Nairobi. Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda aliambiwa Uingereza kwamba riwaya yake ina Uafrika mwingi mno. Aliileta katika shindano la miswada la Kwani Trust hapa Nairobi, ikashinda mwaka 2013, ikachapishwa mwaka 2014 kwa jina la Kintu. Mwaka 2018 Uingereza yenyewe ikaichapisha.

Tena riwaya ya kwanza kuandikwa si lazima iwe ya kwanza kutoka. The River Between ndiyo Ngugi aliyotangulia kuiandika, lakini ilitoka mwaka 1965, baada ya Weep Not, Child ya mwaka 1964.

Barua ya kukataa yenye sababu ni msaada, na ifaa kusomwa mara ya pili hasira ikishatulia. Kama wahariri wawili wasiojuana wametaja kasoro ile ile, basi kasoro ipo.

Mkataba na pesa

Siku ya kuitwa kutia sahihi ndiyo siku ya hatari zaidi, kwa sababu furaha humfumba mtu macho. Mkataba haupaswi kusainiwa papo hapo. Mwandishi ana haki ya kwenda nao nyumbani, na akiweza, amwonyeshe wakili au mwandishi aliyetangulia.

Malipo ya kawaida huitwa mrabaha, mara nyingi asilimia 10 hivi ya mapato ya mchapishaji. Kwa mfano, mchapishaji akipata shilingi 400 kwa kila nakala, mwandishi atapata shilingi 40. Nakala 1,000 zikiuzwa, hizo ni shilingi 40,000. Kodi ya zuio ya asilimia 5 ikikatwa, zinabaki 38,000. Kwa hivyo asiache kibarua chake kwa kutegemea kitabu kimoja, na awe na PIN ya KRA tayari.

Maswali ya kuuliza ni haya. Asilimia ni ya bei ya dukani au ya mapato halisi? Taarifa ya mauzo itatolewa mara ngapi kwa mwaka? Nani ana haki ya filamu, tafsiri na kitabu cha mtandaoni? Kitabu kikiisha sokoni na kisichapishwe tena, haki zitamrudia mwandishi baada ya muda gani? Anayetaka kununua haki zote kwa pesa za mkupuo mmoja asipewe jibu siku hiyo hiyo.

Kuogopa kuibiwa

Wengi hawapeleki mswada kwa hofu ya kuibiwa. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi tangu inapoandikwa, katika maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo haihamishiki kwa maneno matupu. Lazima kuwe na maandishi yaliyotiwa sahihi. Anayetaka ushahidi zaidi anaweza kusajili kazi yake kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Usajili ni wa hiari. Ila wazo tupu halilindwi na sheria. Kinacholindwa ni hadithi iliyoandikwa, na hiyo ni sababu ya kumaliza kuandika kabla ya kuisimulia kila kibanda cha chai.

Njia nyingine

Wapo wanaoamua kujichapishia. Si aibu. David Maillu alianzisha Comb Books hapa Nairobi miaka ya 1970 na vitabu vyake vikasomwa na watu wengi mno. Lakini anayejichapishia amechukua kazi ya mchapishaji yote: amlipe mhariri, apate nambari ya ISBN kutoka KNLS, alinganishe bei za wapiga chapa watatu, na aanze na nakala chache. Maboksi 20 chini ya kitanda si mtaji.

Mashindano nayo ni mlango. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Jomo Kenyatta ni ya vitabu vilivyokwisha kutoka.

Ndugu waandishi, kazi ya wiki hii ni ndogo. Mwenye mswada atoe nakala ya pili na kuiweka nje ya nyumba yake. Aende maktabani aandike majina matano ya wachapishaji. Aandike ile barua ya ukurasa mmoja, kisha aisome kwa sauti. Riwaya iliyo sandukuni hakuna mhariri awezaye kuikubali.